Jinsi ya kupima ujira wa vibarua mahali panapogawiwa chakula cha msaada

Ukitaka kujua kama msaada wa chakula unagusa soko la vibarua huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, anza na ujira wa siku, na uwaulize vibarua na waajiri mbalimbali, kila upande peke yake. Karamoja ina msimu mmoja wa mvua, tofauti na kusini mwa Uganda kwenye misimu miwili. Kwa hiyo linganisha ujira wa palizi ya mwaka huu na ya mwaka uliopita, wala si palizi na kiangazi.

Kazi ngumu ni malipo yasiyo ya fedha. Wengine hulipwa mtama, wengine machicha ya pombe ya kienyeji, ambayo huliwa nyumbani; yapime kwa mizani, kisha yageuze kuwa shilingi kwa bei ya soko la karibu siku ileile. Hesabu pia kilo za mtama ambazo ujira wa siku unaweza kununua, maana mgao ukishusha bei ya nafaka, kibarua hufaidika hata ujira usipopanda, ilhali mkulima anayeuza ziada huumia.

Aliyeacha kibarua baada ya mgao usimwite mvivu (dhana hii hupendwa mno maofisini) kabla ya kuuliza kama amerudi kulima shamba lake mwenyewe.