Somo: Kuchagua tandiko la sintetiki linalomfaa farasi na mpandaji

Tandiko la sintetiki ni jepesi kuliko la ngozi, halihitaji mafuta, na likitapakaa tope la masika linaoshwa kwa sabuni kidogo na kuanikwa kivulini. Ubora huo wote haumsaidii farasi kama umbo halilingani na mgongo wake. Kwa hiyo pima farasi kwanza, mpandaji baadaye.

Hatua ya 1: Chukua umbo la mgongo. Msimamishe farasi mahali tambarare, uzito ukiwa sawa miguu yote minne. Papasa ukingo wa nyuma wa mfupa wa bega, rudi nyuma vidole viwili. Hapo laza sentimita 60 za waya bapa wa umeme wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi, uukandamize ufuate umbo pande zote mbili. Unyanyue taratibu, chora umbo lake kwenye boksi, andika tarehe, kata, nenda nalo dukani. Rudia kila msimu. Farasi aliyeshiba majani ya Mei siye yule wa Oktoba, vumbi likitimka na mbavu zikihesabika.

Hatua ya 2: Jaribu bila padi, yaani kitambaa kinene kinachowekwa chini ya tandiko. Weka tandiko mbele kidogo, livute nyuma mpaka litulie lenyewe nyuma ya bega. Wengi huliacha juu ya bega, kisha wanashangaa farasi anakataa kuteremka mlima. Sasa kagua:

- Kati ya upinde wa mbele wa tandiko na nundu ya mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, vipite vidole viwili hadi vitatu.
- Mfereji wa katikati, ulio chini ya tandiko juu ya uti wa mgongo, uwe na upana wa vidole vitatu hadi vinne, mwanzo hadi mwisho.
- Mito ya chini, inayolala mgongoni mwa farasi, isivuke ubavu wa mwisho, yaani wa 18. Ufuate kwa kidole kutoka chini hadi mgongoni.
- Pitisha kiganja chini ya mto. Kikibanwa mbele na nyuma huku katikati kuna uwazi, uzito wote unaangukia ncha za tandiko, na vidonda vitaanzia hapo.

Hatua ya 3: Bamba la upana. Baadhi ya matandiko, kama ya Wintec, yana bamba la chuma ndani ya upinde wa mbele, linalobadilishwa kwa bisibisi. Rangi zao, kutoka jembamba hadi pana: njano, kijani, nyeusi, bluu, nyekundu, nyeupe. Bamba likiwa jembamba, mbele kunainuka na mpandaji anateleza nyuma; likiwa pana, upinde unashukia nundu. Halibadilishi urefu wala mpindo wa mito, hata muuzaji akiapa.

Hatua ya 4: Mpandaji. Watu wazima wengi hutumia kiti cha inchi 17 au 17.5. Ukiketi, nyuma ya makalio kibaki kiganja kimoja, na goti lisivuke ukingo wa bawa, kile kipande cha pembeni chini ya mguu wako. Kama kiti kinachokutosha ni kirefu kuliko mgongo wa farasi, tafuta farasi mwingine. Uzito wako pamoja na vifaa usizidi takribani asilimia 20 ya uzito wa farasi: kilo 80 kwa farasi wa kilo 400.

Hatua ya 5: Panda nusu saa, kisha soma jasho. Liwe sawa kushoto na kulia. Kiraka kikavu katikati ya jasho kinaonyesha mgandamizo mkali au mahali tandiko halikugusa. Bonyeza kwa vidole, farasi akilaza masikio au akiinamisha mgongo ni mgandamizo.

Maswali ya wanachama

*Usa River:* Shikamoo mwalimu. Tandiko linabana kidogo, niongeze padi nene?
*Jibu:* Marahaba. Hapana, padi itazidi kubana, kama soksi mbili ndani ya kiatu kidogo. Badilisha bamba.

*Moshi:* Farasi watatu, tandiko moja, inawezekana?
*Jibu:* Kama migongo ina mpindo unaofanana, ndiyo, ukibadilisha bamba kwa kila mmoja. Mwenye mgongo ulionyooka na mwenye mgongo uliobonyea hawagawani tandiko.

*Njiro:* Nimepata la mtumba. Nikague nini, dada?
*Jibu:* Egemeza mbele kwenye paja, vuta nyuma kuja kwako. Kupinda kidogo ni sawa; mlio au mkunjo katikati ya kiti ni kiunzi, yaani fremu ya ndani, kilichovunjika, liache. Kisha angalia nyuzi kwenye mizizi ya mikanda ya tumbo, na velkro: ikijaa manyoya haishiki, isugue kwa mswaki mkavu.