Somo: Barua ya usimamizi wa mirathi umeipata, sasa rudi mahakamani

Kamwene wanandugu. Mwezi huu watu watatu wamenijia na lalamiko moja: "Mirathi tulishamaliza, mbona baba mdogo bado anavuna miti?" Kila mmoja nikamuuliza kama amewahi kuiona Fomu Namba 6, ile ya hesabu ya mwisho ya mirathi. Kimya. Basi hamjamaliza. Mmepata barua tu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mafinga, kwa hiyo mifano yangu ni miti ya misindano na viazi. Wa Kyela aweke kakao, wa Mbarali aweke mpunga. Ninaeleza njia ya Mahakama ya Mwanzo, ambako wengi wetu tunapita.

Hatua ya 1: Cheti cha kifo

Kibali cha mazishi si cheti. Cheti kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya. Kabla hujaondoka dirishani, soma jina herufi kwa herufi. Marehemu baba yangu kijijini aliitwa kwa jina la babu, benki walikuwa na jina la ubatizo, na karatasi ya shamba ilikuwa na la tatu. Miezi miwili nilikuwa nazunguka na hati ya kiapo kueleza kwamba hao watu watatu ni mzee mmoja.

Hatua ya 2: Kikao cha ukoo

Kikao kinapendekeza msimamizi na kuwataja warithi. Anayeteua ni mahakama, na hakimu hafungwi na pendekezo lenu. Ila nenda bila muhtasari uone utakavyorudishwa. Andikeni tarehe, mahali, waliohudhuria na sahihi zao. Waandikeni warithi wote, na mtoto wa nje mnayemjua mwandikeni. Mkimficha leo, atakuja na mama yake siku ya kugawana, na hapo shauri linaanza upya.

Jambo moja nawaomba: msimchague mtu kwa sababu ana sauti kubwa msibani. Chagueni anayeweza kutunza risiti.

Hatua ya 3: Kufungua shauri

Unafungua mahakama ya mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu, siyo alipofia. Hapa wengi wanateleza. Mzee wa Tukuyu akifia hospitali ya rufaa Mbeya mjini, shauri lake ni la Rungwe. Unajaza Fomu Namba 1, unaambatisha cheti na muhtasari, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha mnaitwa kusikilizwa. Mahakama inaweza kudai wadhamini. Ikiridhika, unapewa Fomu Namba 4, ile ambayo watu wanaiita barua ya usimamizi.

Hatua ya 4: Kuhesabu mali

Hapa ndipo mirathi nyingi zinafia. Kanuni za mwaka 1971 za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo zinampa msimamizi miezi minne tangu ateuliwe kurudisha Fomu Namba 5, yaani orodha kamili ya mali na madeni. Ukihitaji muda zaidi, unauomba mahakamani kabla miezi haijaisha. Kukaa kimya siyo kuomba.

Kuhesabu ni kazi ya miguu. Ya baba tuliifanya siku mbili: mimi, baba mdogo, shangazi na mwenyekiti wa kitongoji. Tulipita shambani mstari kwa mstari, shangazi anatia alama ya chaki kwenye gome, mimi naandika daftarini. Ekari tatu, lakini hatukuandika "ekari tatu za miti" tukaishia hapo. Tuliandika miti mingapi imefikia kuvunwa, mingapi michanga, na mpaka unapita wapi. Mchana wa siku ya pili tukakuta visiki kumi na viwili vibichi, utomvu haujakauka. Hakuna aliyesema neno. Shangazi akaniambia, "Andika na hivyo." Nikaandika.

Halafu ndani: mashine ya kusaga, baiskeli, mabati thelathini ambayo hayajaezekwa, pesa za benki na za kwenye simu. Na madeni: mkopo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo), na mbolea aliyokopa dukani. Msione aibu kuandika deni, maana mwenye duka atakuja tu.

Kama kuna mali ambayo mjane aliinunua mwenyewe, au sehemu aliyoichuma pamoja na mumewe, semeni hapa hapa. Kinachogawanywa ni cha marehemu.

Hatua ya 5: Kulipa, kugawa, kufunga

Gharama za mazishi na madeni kwanza, warithi baadaye. Kila anayepokea fungu lake asaini mbele ya mashahidi. Fungu la mtoto aliye chini ya miaka 18 lisipite kwenye mfuko wa mtu. Omba maelekezo ya mahakama litunzwe wapi. Kisha unapeleka Fomu Namba 6, hesabu ya ulichokusanya, ulicholipa na ulichogawa, na unaomba shauri lifungwe.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Uyole: Mwalimu, shikamoo. Mume wangu ameniacha na watoto wawili. Shemeji wanasema kimila mwanamke harithi shamba, nirudi kwetu.*

Marahaba mwanangu, pole sana. Usirudi. Ni kweli Tamko la Sheria za Kimila la 1963 linambana mjane, sikudanganyi. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi. Na mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la Holaria Pastory, ilikubali kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo anaweza hata kuliuza kama mwanamume. Wanao nao wana haki katika mali ya baba yao chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Wewe mwenyewe unaweza kuomba usimamizi, huhitaji ruhusa ya shemeji. Wakishafungua wao, weka pingamizi tangazo likiwa bado ukutani.

*Kaka wa Njombe: Baba alifunga ndoa kanisani. Mahakama ya Mwanzo tunaruhusiwa?*

Swali zuri, na limewaumiza wengi. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Kuwa Mkristo peke yake hakuamui. Inaangaliwa marehemu aliishi maisha gani na alitaka mali yake ifuate utaratibu gani. Kama aliishi kimila, sawa. Kama aliacha dalili kwamba mila aliziweka kando, nendeni mahakama ya ngazi ya juu, chini ya sheria ya usimamizi wa mirathi, Sura ya 352. Nimeona mirathi iliyogawanywa hadi sufuria ikafutwa baadaye kwa sababu ilianzia mlango usio wake. Pata ushauri kabla ya kujaza fomu.

*Mwanachama wa Ilula: Benki marehemu aliandika jina langu kama mtu wa karibu. Hela si zangu?*

Hapana, ndugu yangu. Jina hilo halikufanyi mrithi wa peke yako. Hela zinaingia kwenye orodha kama mali nyingine.

*Binti wa Mufindi: Kaka yetu ni msimamizi tangu 2019. Hajarudisha fomu yoyote na ameuza kiwanja.*

Andikeni barua kwa hakimu wa mahakama ile ile, mtaje namba ya shauri, mwombe aitwe atoe hesabu. Mahakama iliyompa ndiyo yenye uwezo wa kumvua. Kama kuna uamuzi msioridhika nao, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Na yule mnunuzi mtajeni mapema, kabla hajamwaga msingi.

*Huyo huyo: Anasema miti ya bondeni ni yake, alimsaidia baba kupanda.*

Kusaidia kupanda siyo kumiliki, lakini msibishane naye nyumbani. Aseme mahakamani, alete mashahidi. Nanyi mtafuteni aliyemuuzia baba miche, kama bado yupo.