Namna ya kupata podikasti za komiki, sinema na hadithi za dunia ukiwa Unguja au Pemba

Kama wewe ni mtu wa komiki ya mpira ya Supa Strikas tangu skuli, au wa anime, au wa sinema za Marvel, au ndo wale mnaopenda kujua mambo ya kale ya watu wa nchi nyengine, basi kuna watu kibao wanayazungumza mambo hayo kwa masaa na bure kabisa kwenye podikasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni unavyosikiliza kwa simu wakati wowote, ila wengi wetu hatuwajui kwa sababu tunafungua programu, tunaandika "podcast", tunaletewa Wamarekani wanabishana siasa zao, tunafunga tunarudi zetu TikTok. Vipindi vipo tena vingi mno. Shida ni pale tunapoanzia. Ukianza na ile orodha ya vinavyosikilizwa zaidi duniani utachoka mapema, anza na kitu unachokijua vizuri mwenyewe, jina la mtu, jina la mji, hadithi uliyoisikia nyumbani, halafu ufuate uzi kutoka hapo.

Programu kwanza, hili haraka tu. Google Podcasts ilifungwa 2024 kwahiyo ukimuona mtu anakuelekeza huko jua maelezo yake ya zamani. Mwenye Android mie namwambia aweke AntennaPod, ni ya bure, haina matangazo yake yenyewe, haikutaki ujisajili wala utoe namba ya simu, na simu ya kawaida tu inaibeba. Mwenye iPhone tayari anayo Apple Podcasts. Spotify nayo inapatikana Tanzania tangu 2021 na podikasti unasikiliza bila ya kulipia. Yote sawa, kwa sababu karibu kila podikasti ina anuani yake moja, inaitwa RSS, na programu zote zinakwenda kusoma anuani ile ile, ndo maana kipindi kimoja unakikuta kila pahala. Na ukibadilisha simu, AntennaPod inakutolea faili moja dogo la OPML lenye vipindi vyako vyote, unaliingiza kwenye simu mpya, maisha yanaendelea.

Bando lisikutishe. Sauti ni nyepesi kuliko video, saa moja ya podikasti ya 128 kbps (hicho ni kipimo cha ubora wa sauti) ni kama MB 58 hivi, yaani kwa GB 1 unapata masaa 17 ya mazungumzo, na ikiwa 64 kbps unatumia nusu yake tu, jaribu kutizama YouTube masaa 17 kwa GB 1 uone kama itawezekana. Ingia kwenye mipangilio uzime kudaunlodi kwa data ya simu, uache idaunlodi ikiwa kwenye waifai tu, na uwashe ile ya kufuta episodi, yaani sehemu moja ya kipindi, ikishamaliza kusikilizwa. Ukipata waifai ya kazini au ya jamaa, unashusha za wiki nzima.

Sasa tuingie penyewe. Kutafuta.

Watu wengi wanatafuta jina la kipindi, nao hawalijui hata hilo jina, kwahiyo hawapati kitu. Tafuta episodi. Kuna tovuti inaitwa Listen Notes, hiyo inatafuta ndani ya episodi za podikasti za dunia nzima, unaandika jina la mtu au la tukio inakuletea kila aliyelizungumza. Jina la maneno mawili matatu liweke ndani ya alama za kunukuu, bila hivyo utaletewa takataka. Na sie watu wa visiwa hivi tuna bahati ambayo wengine hawana, kwa sababu tuna mambo matatu manne ambayo watangazaji wa dunia wanayarudiarudia, na sie tunayajua kuliko wao. Yafanye hayo ndo kipimo chako.

La kwanza Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen. Andika jina lake zitakuja episodi nyingi, za muziki, za sinema, za historia. Sikiliza dakika kumi za mwanzo tu. Mtangazaji aliyesoma atakwambia alizaliwa hapa Unguja 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazee wake Waparsi, alipelekwa skuli ya bweni Panchgani kule India, akarudi, na familia ikaondoka kwenda Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Yule wa "alizaliwa Afrika" halafu fyuu yuko London, huyo umwache, kwa sababu kama ameruka miaka 17 ya mtu maarufu kiasi hicho ataruka mangapi kwa watu ambao wewe huwajui?

La pili, na hili ndo kipimo kikali kuliko chote, ni vita vya Waingereza na Zanzibar ("Anglo-Zanzibar War") vya tarehe 27 Agosti 1896. Podikasti za historia zinavipenda mno kwa sababu ndo vita vifupi kuliko vyote vinavyojulikana, baina ya dakika 38 na 45 kutegemea nani anahesabu. Wengi wanavigeuza kichekesho, wanacheka mwanzo mpaka mwisho. Sasa we sikiliza kama atamtaja Sultani Hamad bin Thuwaini aliyefariki siku mbili kabla, kama ataeleza kwa nini Khalid bin Barghash aliingia kasri na kwa nini Waingereza hawakumtaka, kama atasema kwamba upande wa kasri waliuliwa na kujeruhiwa watu kama 500 na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Wale walikuwa watu, wengine walikuwa watumishi tu waliokuwemo ndani. Mtangazaji anayewakumbuka hao mie namfuata moja kwa moja na vipindi vyake vyengine vyote, vya Mongolia, vya Peru, vya popote, kwa sababu nshajua namna anavyoshika habari za watu ambao hawawezi kumjibu. Anayecheka tu simfuati hata awe na wasikilizaji milioni.

Na la tatu Abdulrazak Gurnah, mwandishi wa riwaya aliyezaliwa hapa hapa, tangu alipopata Nobel ya fasihi 2021 amehojiwa pahala pengi, na hapo hupimi tena, hapo unasikiliza kwa raha. Angalia ni vipindi gani vilimhoji, vifungue uone wageni wengine waliopita mule. Njia hii ya kufuata mgeni ndo inayozaa kuliko zote. Mgeni amekufurahisha? Chukua jina lake litafute Listen Notes au tovuti nyengine inaitwa Podchaser, utakuta amekwenda vipindi vyengine vitano, na katika vitano hivyo viwili vitakuwa vya kwako.

Kwa upande wa komiki fanya hivyo hivyo ukianza na za Afrika. Tafuta Kugali. Hawa ni vijana wa Nigeria na Uganda, na kinachonifurahisha ni kwamba walianza na podikasti, wanazungumza tu habari za komiki na katuni za Kiafrika, baadae wakachora zao wenyewe, na 2024 ikatoka katuni ya Iwájú waliyofanya pamoja na Disney. Episodi walizohojiwa zitakupeleka kwa wachoraji wengine. Tafuta pia Loyiso Mkize wa Afrika Kusini aliyechora komiki ya Kwezi. Tafuta Gado, Mtanzania mwenzetu aliyejijengea jina Kenya kwa vikatuni vya siasa. Na Shujaaz ya Kenya, iliyoanza 2010, hiyo ilikuwa komiki na kipindi cha redio kwa pamoja, mhusika wake Boyie yule yule wa kwenye kurasa ndo ulikuwa unamsikia redioni, kwahiyo nyie mnaosema komiki haiwezi kusikilizwa hebu kaanzieni hapo.

Za nje ziko nyingi nitataja chache tu ninazoziamini. Imaginary Worlds ya Eric Molinsky, ipo tangu 2014, inazungumza kwa nini watu wanatunga dunia za kubuni na kwa nini sie tunaziamini, kila episodi inajitegemea kwahiyo unaingia popote, kwa mgeni wa mambo haya ndo pa kuanzia. Jay & Miles X-Plain the X-Men, nayo ya 2014, wao wameichukua X-Men kutoka mwanzo wake wa 1963 wakawa wanaieleza hatua kwa hatua, hii usiingilie katikati utapotea, shuka chini kabisa kwenye episodi ya kwanza. iFanboy ipo tangu 2005, ni ya komiki zinazotoka kila wiki, na kwa kuwa hapa komiki mpya hazitufikii dukani mie naona inamfaa zaidi anayesoma kwa simu. Pop Culture Happy Hour ya NPR, redio ya Marekani, ni fupi, sinema imetoka leo kesho wameshaizungumza. Na ukitaka mchezo wenyewe wa kuigiza kama ile michezo ya redio, jaribu Batman Unburied ya Spotify ya 2022, isikilize na hedifoni usiku utanambia.

Hadithi za dunia, BBC wana Witness History, kama dakika kumi hivi, mtu aliyekuwepo kwenye tukio anasimulia mwenyewe. Inatosha gari ya kutoka Darajani mpaka Bububu. Myths and Legends ni ya ngano za mataifa. Halafu andika "Swahili folktale" au "Zanzibar tales" uone, maana ngano zetu alizikusanya Edward Steere hapa hapa Unguja zikachapishwa London 1870, hazina tena mwenye haki kwahiyo watu wa ngano wanazisoma bila ya kumuomba mtu. Zisikilize pamoja na bibi kama bado unaye, mfasirie, muulize ya kwake inakwenda vipi. Bibi wa Wete na bibi wa Makunduchi hawatakupa mwisho mmoja.

Kwa Kiswahili, DW Kiswahili, BBC Swahili na RFI Kiswahili wote wana sauti zao mtandaoni. Nyengine usitafute kwa neno podikasti, wasimulizi wetu wengi hawalitumii, andika "simulizi", "hadithi", "visa", "mahojiano". Na wengi wako YouTube, mfano Salama Na ya Salama Jabir, kwahiyo ukikosa kwenye programu usikate tamaa nenda kule.

Kiingereza kikiwa kinakimbia sana, punguza kasi mpaka 0.8, utashangaa unavyoelewa. Apple Podcasts tangu 2024 inaonesha na maandishi ya kinachosemwa kwa Kiingereza na lugha chache nyengine. Na ukiona alama ya E pembeni ya episodi ujue mna matusi, hiyo usiifungulie spika sebuleni wazee wamekaa.

Wa Pemba au anayesafiri, shusha kabla hujafika bandarini, ukiwa bandarini mtandao umejaa watu na katikati ya bahari hakuna kitu. Episodi tatu ndefu zinakuvusha kutoka bandari ya Malindi ya Unguja mpaka Mkoani.

Na ukimpelekea mwenzio WhatsApp usimtumie linki ya kipindi kizima akaona episodi 400 akakimbia. Mtumie episodi moja, umwandikie aanzie dakika ya ngapi na kwa nini ni yeye uliyemkumbuka.