Tusimwagilie nyanya jioni wakati wa kipupwe
Kwa wenzangu mnaolima bustani ndogo nyumbani hapa Mwanza: kuanzia Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekatika na usiku una ubaridi, naomba tuache kumwagilia nyanya jioni. Majani yanayolala yakiwa yamelowa huchelewa kukauka, na unyevu huo pamoja na baridi ndivyo vinavyoukaribisha ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao huanza kama doa lililolowa, mithili ya jani lililomwagiwa maji ya moto, kisha doa hilo hugeuka kahawia na upande wa chini hutokea utando mweupe. Mwagilia asubuhi, jua likishachomoza, ukielekeza maji kwenye shina. Mchana upepo wa ziwani hukausha udongo upesi, hasa kwetu tunaolima katikati ya miamba penye udongo wa kina kifupi; kwa hiyo tandaza nyasi kavu, unene wa vidole vinne hivi, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Rafiki yangu anayekaa Igombe hutumia magugumaji, nami nimeyajaribu nikaridhika, ila yaanikwe kwanza mpaka yavunjike mkononi, kwani yakiwa mabichi hushikilia maji mengi na kuozea shinani.