Kupima presha kwa mwenye betri ya moyo

Kama nyumbani kuna mzee aliyewekewa betri ya moyo (pacemaker, kifaa kinachosaidia moyo kupiga), msiogope mashine ya presha. Mkanda unajaa upepo tu, haupitishi umeme mwilini. Ila kidonda kikiwa bado kibichi, fungeni mkono wa upande wa pili. Betri nyingi hukaa chini ya mtulinga wa kushoto, basi tumieni wa kulia.

Kinachobabaisha zaidi ni namba ya mapigo. Betri imepangwa mapigo yasishuke chini ya 60 kwa dakika, mashine inaonyesha 44, nyumba nzima inataharuki! Mashine huhesabu mawimbi ya damu yanayofika mkononi, na pigo lililowahi likawa dhaifu huweza kulikosa. Mpumzisheni dakika 5, mpime mara mbili tatu, mwandike zote. Ikibaki chini, au ana kizunguzungu, hospitali, hata kama presha yenyewe ni nzuri. Betri hukaguliwa kliniki kwa kifaa chake, si kwa mashine ya presha.

Cha kuepuka ni mizani ya kupima mafuta ya mwili. Hiyo ndiyo hupitisha umeme.