Viazi mviringo kwenye gunia: kupanda, kupandishia udongo na kutambua magonjwa

Kiazi hupandwa kwa kiazi, na hapo ndipo magonjwa mengi yanapoingilia. Kiazi cha kula kinaweza kung'aa nje huku ndani kimebeba virusi au bakteria wa mnyauko. Tafuta mbegu iliyothibitishwa. Ukikosea hapa, hakuna dawa itakayokuokoa baadaye.

Hatua ya 1: Chipusha. Chagua mbegu za ukubwa wa yai la kuku, gramu 30 hadi 60. Zipange safu moja kwenye trei, penye mwanga lakini si juani, mpaka machipukizi yafike sentimita 1 hadi 2, mafupi na manene. Yakiwa marefu na meupe, mbegu ilikaa gizani, nayo yatavunjika wakati wa kupanda. Mbegu ndogo usizikate: kisu kikipita kwenye kiazi kigonjwa kimoja, huambukiza vyote vinavyofuata.

Hatua ya 2: Panda. Gunia la lita 40 hadi 50 linatosha mbegu 3. Toboa matundu chini. Changanya udongo tifutifu sehemu 2 na mboji iliyoiva sehemu 1. Usichukue udongo uliootesha nyanya, bilinganya, pilipili au viazi, maana ni ukoo mmoja na huugua pamoja. Majivu na chokaa viache pia; udongo ukipoteza uchachu, magamba, ugonjwa wa vidonda vikavu, hushamiri kwenye ganda la kiazi. Kunja kingo za gunia, jaza sentimita 15, laza mbegu machipukizi yakitazama juu, funika kwa sentimita 10.

Hatua ya 3: Pandishia udongo. Mimea ikifika sentimita 20, ongeza udongo ukiacha theluthi ya juu nje, kisha rudia baada ya wiki 2 au 3. Viazi huota juu ya mbegu, kwenye sehemu ya shina iliyofukiwa. Kikipigwa na mwanga, kiazi huwa kijani na kukusanya solanini, sumu isiyokwisha kwa kuchemsha.

Hatua ya 4: Mwagilia. Asubuhi, kwenye udongo, kamwe si juu ya majani. Tangu maua yaanze, usiache gunia likauke kisha ukalifurikisha, viazi hupasuka.

Ukiona dalili

Bakajani chelewa ndiyo iliyoanzisha njaa kuu ya Ireland mwaka 1845, na bado ina haraka ile ile. Hupenda ubaridi na majani yaliyolowa. Madoa yake ni ya kahawia iliyokolea, kama yaliyomwagiwa maji moto. Pindua jani asubuhi utaona utando mweupe pembeni mwa doa. Mankozebu, dawa ya ukungu, hukinga jani lenye afya, haiponyi lililoambukizwa, kwa hiyo hupuliziwa kabla, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko. Ugonjwa ukishaenea, kata mashina yote na uyaondoe, halafu subiri wiki 2 kabla ya kuchimba ili vimelea visiangukie viazi.

Bakajani tangulia huanzia majani ya chini, yenye duara ndani ya duara. Si ya kutisha sana. Ng'oa majani hayo na urutubishe mmea.

Mmea ukinyauka ghafla majani yakiwa bado kijani na udongo una unyevu, shuku mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ndio wenyewe. Hauna dawa. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake, tupa udongo mbali na bustani, osha zana, wala usiutie mmea huo kwenye mboji.

Hatua ya 5: Vuna. Kwa kawaida ni siku 90 hadi 120, majani yakishageuka manjano. Kata mashina, acha wiki 2 ganda likaze. Likichubuka kwa kidole gumba, bado. Chimba siku kavu, usivioshe, hifadhi gizani penye hewa.