Jani limejikunja vipi? Tafuta neno kabla ya dawa

"Majani ya nyanya zangu yamejikunja, nipige dawa gani?" Afisa ugani akiulizwa hivyo kwa simu hana jibu. Jani hujikunja kwa namna nyingi, na Kiswahili kina neno la kila namna.

Angalia kingo. Zikiinuka juu kama mtumbwi, jani likawa dogo na la njano pembezoni, na mche ukadumaa, shuku virusi vinavyoenezwa na nzi weupe. Mche huo hauponi, ung'oe. Yakijiviringisha majani ya chini tu, yakiwa bado ya kijani na magumu kidogo, mara nyingi ni jua kali, uhaba wa maji au kupogoa kupita kiasi. Dawa hapo ni hasara. Jani lililokunjamana na kuinamisha kingo, ligeuze: huenda vidukari wamejaa upande wa chini. Na likiwa limesokoteka, jembamba kama utepe, anza na pampu yako. Iliyopigia magugu dawa ya 2,4-D kisha ikasuuzwa juujuu huharibu nyanya hivyohivyo, na lawama humwendea muuza mbegu.

Kwenye mahindi, jani lililojiviringisha kwa urefu mchana likafunguka jioni linajikinga na joto. Likipambazukiwa bado limefunga, udongo umekauka. Usiseme tu "yamekuwa njano", maana mbolea hutegemea njano hiyo ina umbo gani. Inayoanzia nchani mwa majani ya chini na kushuka katikati kama herufi V ni njaa ya naitrojeni. Ile inayofuata kingo na kuziunguza ni ya potasiamu.

Umbo lina maana kwa mifugo pia. Pembe hazina mambo mengi. Zikiwa wima, butu au zimepinda nyuma kama mundu, hayo ni maelezo ya kumtambua mnyama tu. Inayohitaji hatua ni ile inayopinda kurudi usoni, kwani hukua hadi ikachoma ngozi au jicho. Mwite mtaalamu wa mifugo aipunguze mapema. Usikate mwenyewe, ndani mna damu na mishipa ya fahamu. Kwa ndama, kazi ya kuondoa pembe ni rahisi zaidi kabla ya miezi 2 hivi, wakati chipukizi la pembe halijashikamana na fuvu, na afanyiwe kwa ganzi.

Mkia ndio tunaousahau. Kwa kawaida mbuzi huuinua, kondoo huuning'iniza. Hivyo mbuzi anayeshinda na mkia chini anastahili kupimwa joto na kuangaliwa kinyesi. Nguruwe mwenye mkia uliojiviringa kwa kawaida hana shida. Akiubana katikati ya miguu, chunguza kama umeng'atwa, kisha tazama msongamano bandani, maji na chakula. Aliyejeruhiwa mtenge siku hiyohiyo, kwa sababu damu huwavuta wenzake.